Nakala Thelathini

Mwanate alikuja dukani, Langoni, simu mkononi,
akauliza kama mashine yangu ya kunakili kaseti ingali hai.
Nikamwambia ina pumu, lakini inapumua.
Akaagiza nakala thelathini za albamu yake,
Stima Ikirudi, nyimbo tisa,
amezipika zote kwa kompyuta chumbani kwa nyanyake
na kinanda cha Famau, kile kilichong'oka vitufe viwili,
kilichozunguka harusi za muyi huu, Shela hadi Matondoni,
miaka ile wapiga fidla walipokwenda Uarabuni wasirudi.

Nikasikiliza.
Ngoma ya mashine, tiki-taka, tiki-taka,
cherehani inayoshona bila nguo.
Sauti yake mbali, kama anaimba ndani ya mtungi.
Na chini ya yote: shhhhh.
"Kuna uchafu hapa?" nikauliza.
"La, mjomba. Mchakacho nimeuweka. Nimeununua."

Ameununua!
Miaka ishirini na sita nimepigana na sauti hiyo
kwa pamba na spiriti,
kila asubuhi kabla ya chai nikifuta kichwa cha mashine
kama mama afutaye pua ya mtoto.
Watu walinizidishia shilingi mbili
niwape wimbo usio vumbi.

Basi ikaingia mitaani, na mitaa ikapasuka.

Mwalimu Hafswa aliisikia jikoni, mahamri yakaungua.
Alisema amerudishiwa ukumbi mzima, taa za rangi,
hata harufu ya asumini iliyolala nyweleni.
Twalib muuza vocha akasema,
"Mavi ya kale hayanuki, sawa,
lakini ya nini kuyapaka manukato?"
Famau mwenyewe alicheka mpaka akakohoa:
"Kidude hiki tulikichukia! Tulikipiga kwa kukosa.
Wazee walituita wauaji wa udi.
Yeo ndicho kimekuwa udi?"
Akaomba asikie tena.

Bi Arafa, mamake Mwanate, hakusema neno.

Wimbo wa tano una mahali sauti inazama ghafla,
inalegea, inapinda kama mshumaa juani,
kisha inajikongoja kuinuka.
Wengi hapo ndipo wanapopapenda.
Mimi napajua.
Ni usiku wa harusi ya Bi Arafa,
stima ilianguka wimbo ukiwa katikati, rekoda nimeishika mimi.
Kwenye nakala zote nilipakata.
Kanda ya asili alibaki nayo yeye,
ndani ya kasha, chini ya leso,
na ndoa yenyewe haikungoja Mwanate azaliwe.

Wimbo ule ukilia dukani, Bi Arafa huvuta buibui, huongeza hatua.
Juzi alisimama.
Alisimama mpaka stima iliporudi,
kisha akaenda zake kununua limau.
Sijui niite sifa au niite lawama.

Nami nina langu, sijamwambia mtu.
Siku ile ninanakili, mkono wangu,
kwa mazoea, bila kuniuliza,
ulibonyeza kitufe cha kufuta mchakacho.
Nilipozinduka, nakala kumi na mbili zilikuwa zimeshatoka,
safi, zimeoshwa kama sahani za hospitali.
Nikakiachilia. Kumi na nane zilizobaki
zikatoka na shhhhh yao, kama alivyotaka mwenyewe.
Nikazichanganya zote katika boksi moja la viatu.

Sasa barazani hawalali.
Huyu aapa ina joto, yule aapa ni maiti iliyotiwa wanja,
wamevunjiana heshima, wawili hawaamkiani,
na hakuna ajuaye kwamba hawakusikia kitu kimoja.
Mwalimu Hafswa, aliyeunguza mahamri, alipata ipi?
Na Twalib?
Sikuzitia alama.

Jana Mwanate amerudi. Anataka ishirini nyingine.
"Kama zile zile?" nikamuuliza,
pamba mkononi, spiriti inanikausha vidole.
"Zile zile," akasema.